Binti mfalme Marianne wa Uholanzi: kwa nini alifukuzwa Prussia yeye peke yake?

BintiMuheza

Habarini wanajamvi. Mimi nasoma huku Wrocław, Poland, mwaka wa pili sasa, na wiki iliyopita wenzangu wa bweni walinivuta twende kuona jumba moja lipo Kamieniec Ząbkowicki, unapanda treni kuelekea kusini, ile njia ya Kłodzko, unashuka unapandisha kilima. Jamani lile jumba ni kubwa, matofali mekundu, minara minne ya duara kila kona mmoja, halafu bustani inashuka kwa ngazi ngazi na chemchemi za maji. Ndani sehemu nyingi ni kuta tupu maana liliungua 1946 baada ya vita, wanakarabati kidogo kidogo.

Sasa yule mwongoza watalii alikuwa anaongea Kipolishi, mwenzangu ananitafsiria vipande vipande, nikaambulia kwamba aliyelijenga ni mwanamke, binti wa mfalme wa Uholanzi anaitwa Marianne, aliolewa na mtoto wa mfalme wa Prussia (hiyo sehemu ilikuwa Prussia enzi hizo, ufalme wa Kijerumani), wakaachana, halafu yeye akapigwa marufuku kukaa Prussia zaidi ya saa 24. Yani jumba kajenga kwa hela yake halafu kulala humo usiku wa pili haruhusiwi! Na kwamba alikuwa na uhusiano na mwendesha gari lake la farasi. Nimetoka pale nikakaa kwenye behewa kimya hadi Wrocław.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Kosa lake lilikuwa nini hasa mpaka afukuzwe nchi? Mumewe je, yeye alikuwa mtakatifu? Na watoto walibaki na nani, na huyo mwendesha farasi waliishia kuoana au alimwacha? Sitaki stori ya juu juu, nataka nielewe.

Mzee_Kumbukumbu

Karibu binti yangu. Huyu mama nimemsoma kwa miaka, nilimkuta kwa bahati tu nilipokuwa natafuta habari za jinsi Ubelgiji ilivyojitenga na Uholanzi. Nitaandika kwa urefu kidogo maana ukianzia stori kwenye gari la farasi utamhukumu bure.

Marianne alizaliwa Berlin tarehe 9 Mei 1810. Utajiuliza Mholanzi anazaliwaje Berlin, ni kwa sababu Napoleon alikuwa ameshika nchi yao na familia ya Orange, ndio ukoo wa baba yake, ilikuwa uhamishoni, imekaa kwa wakwe, mama yake Wilhelmina alikuwa binti wa mfalme wa Prussia. Napoleon alipoanza kuanguka baba yake akarudi kwao 1813, na 1815 akawa Mfalme Willem wa Kwanza, mfalme wa Uholanzi na Ubelgiji kwa pamoja wakati ule. Marianne ndiye kitinda mimba. Ana kaka wawili wakubwa sana kwake, na dada mmoja aliyefariki akiwa mtoto kabla hata yeye hajazaliwa, kwa hiyo amelelewa kama binti pekee.

1828 akachumbiwa na Gustav wa Vasa. Hapa watu wengi wanaruka na mimi naona ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Gustav alikuwa mtoto wa mfalme wa Uswidi aliyepinduliwa 1809, na kiti cha Uswidi sasa kilikuwa kwa Bernadotte, aliyewahi kuwa jemadari wa Napoleon. Bernadotte hakutaka kabisa kuona mtoto wa yule aliyepinduliwa anaingia kwenye ukoo wenye nguvu na kupata mgongo wa kuegemea, akabana, siasa ikaingia, 1829 uchumba ukavunjwa. Binti wa watu kavunjiwa uchumba kwa ajili ya kiti cha nchi ambayo si yake wala si ya baba yake.

Mwaka uliofuata akaozwa kwa Albert wa Prussia. Albert huyu ni mtoto wa mjomba wake, baba mkwe ni kaka wa mama yake tumbo moja. Harusi ilifungwa Den Haag tarehe 14 Septemba 1830. Angalia hizo tarehe vizuri. Tarehe 25 Agosti, wiki tatu kabla, Brussels ilishalipuka, watu walitoka kwenye onyesho la opera usiku wakaingia barabarani moja kwa moja. Na siku tisa tu baada ya harusi, kaka wa bibi harusi, Prince Frederik, aliingiza jeshi Brussels, wakapigana siku nne mitaani, jeshi likatoka. Ubelgiji ikaenda zake. Kwa hiyo hiyo sherehe imefanyika nchi ya baba yake ikiwa inakatika vipande viwili, na Uholanzi ilikuwa inawahitaji Prussia kuliko siku zote. Mimi sidhani kuna mtu siku hiyo alimuuliza binti kama anampenda Albert.

Wakahamia Berlin, mtaa wa Wilhelmstraße, kwenye jumba ambalo Schinkel, mchoraji mkubwa wa ramani za majengo, alilitengeneza upya kwa ajili yao. Charlotte akazaliwa 1831. Mwaka uliofuata mtoto wa kiume, akazaliwa mfu. Halafu Albert 1837, halafu Elisabeth 1840 huyu naye akafariki akiwa mchanga, halafu Alexandrine 1842. Mimba tano, makaburi mawili. Na katikati ya hayo yote mume ana mchepuko, dada mmoja wa pale pale Berlin anaitwa Rosalie von Rauch, binti wa jenerali aliyekuwa waziri wa vita, siyo siri, mji mzima wa wakubwa unajua. Marianne akaomba waachane kwa amani. Familia zote mbili za kifalme zikakataa, ya kwao na ya ukweni. 1845 akaondoka mwenyewe.

Van Rossum ndiye huyo uliyeambiwa. Johannes van Rossum, Mholanzi, alianza kama mwendesha gari lake baadaye akawa katibu wake.

Talaka ilikuja kutoka tarehe 28 Machi 1849, siku 11 baada ya kaka yake Mfalme Willem wa Pili kufariki. Na kufikia hapo tayari ni mjamzito, hesabu mwenyewe miezi, maana mtoto alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1849 kule Cefalù, Sisilia. Mtoto wa van Rossum. Berlin kilichowauma ndicho hicho.

Msemakweli_Kisauni

Asante mzee kwa darasa, lakini mimi nataka kusema jambo na msinichukie. Mwanamke ana watoto watatu hai, mdogo ana miaka mitatu, anaondoka. Hata kama mume ni mbaya. Mie nimelelewa na nyanya kwa sababu mama alitoka nikiwa mdogo, najua vile mtoto anakaa mlangoni jioni kusikiliza viatu vya nani vinakuja. Watu wakisoma hizi habari za kina Marianne wanaona mapenzi, ujasiri, sijui uhuru, na hakuna anayemuuliza huyo Alexandrine wa miaka mitatu alilala vipi usiku ule. Simtetei Albert hata kidogo, mwanamume aliyeweka mwanamke mwengine mji mmoja na mkewe hana pa kusimama. Lakini watoto wamekosa nini?

BintiMuheza

Kaka Msemakweli pole sana, na sikuchukii kabisa, hilo swali nami ninalo ndiyo maana nimeuliza watoto walibaki na nani.

Mzee shikamoo, asante mno. Kwa hiyo lile jumba la huku lilijengwa lini katikati ya haya yote? Maana huyo mwongozaji alitaja jina la Schinkel.

Mzee_Kumbukumbu

Marahaba. Kamenz (ndivyo Wajerumani walivyopaita) palikuwa pa watawa wa Kikatoliki, serikali ya Prussia ikawanyang'anya 1810, na mama yake Marianne akainunua ile ardhi 1812. Mama alipofariki 1837 Marianne akarithi, mwaka uliofuata tu akaanza kujenga kwa ramani ya Schinkel. Schinkel akafa 1841 wakaendelea wengine. Ujenzi ukasimama miaka ile ya talaka, ukaendelea tena, umekuja kukamilika 1872 hivi. Na kwa kuwa yeye hawezi kukaa, shamba na jumba alimpa mwanawe Albert, ila hela za kujengea zilitoka kwake. Kwa hiyo Msemakweli, kuondoka aliondoka, lakini matofali mekundu yale kila moja ni la mtoto.

Kuhusu kuwaacha, mwanangu nakusikia na sitabishana na mtu anayezungumza maumivu yake. Ila tutenganishe mawili. Kuondoka 1845 ni uamuzi wake. Kukatwa na watoto ni amri ya wakubwa. Alexandrine alichukuliwa akalelewa kwa baba yake mkubwa, Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne na mkewe Elisabeth ambao hawakujaliwa mtoto. Na ukishawekewa saa 24, tena ukiingia unaripoti polisi ukitoka unaripoti polisi, utamlea mtoto saa ngapi?

Sasa alifanya nini. Alinunua mali upande wa pili wa mpaka, kijiji kinaitwa Bílá Voda, leo kipo Ucheki, wakati ule ilikuwa milki ya Austria. Kutoka hapo hadi Kamenz hazifiki kilomita 20. Anaamka upande wa Austria, anavuka, anashinda na wanawe na mafundi, anasimamia kazi, kabla saa hazijaisha anarudi kulala ng'ambo. Mimi hilo ndilo linanifanya nimheshimu. Angeweza kukaa Italia na hela zake akasahau kama ana watoto Prussia. Alihama akasogea mpakani.

Mama_Wawili_Mainz

Jamani mada hii imenikuta niko zamu ya usiku nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni nesi huku Ujerumani, na kaburi lake lipo Erbach, kijiji cha mashamba ya zabibu kando ya mto Rhine, kutoka Wiesbaden unachukua treni ya kufuata mto dakika chache tu umefika. Nimeenda mara tatu.

Kwanza nirekebishe kidogo kichwa cha mada kwa heshima zote. Tukisema mume hakuguswa si sahihi sana. Albert alimuoa yule Rosalie 1853, na kwa kuwa Rosalie si wa damu ya kifalme ilikuwa ile ndoa ambayo mke hapandi cheo cha mume na watoto hawarithi. Ilibidi mtawala wa Meiningen, nchi nyingine ndogo ya Kijerumani, ambaye alikuwa baba mkwe wa Charlotte binti yao mkubwa, ndiye ampe Rosalie jina la ukabaila, Countess wa Hohenau, maana kwao Prussia walikataa. Na walihamia Dresden, Albert akajenga jumba juu ya mto Elbe, lipo mpaka leo. Kwa hiyo na yeye alikaa pembeni kidogo.

LAKINI. Yeye aliendelea kuwa jenerali wa jeshi, akapigana vita vya 1866 na vile vya Ufaransa 1870, amefariki Berlin 1872 na heshima zake zote. Wote wawili walipenda mtu wa chini yao. Mmoja mpenzi wake alitafutiwa cheo, mwingine alitafutiwa polisi. Mkuki kwa nguruwe!

Na kitu ambacho hakuna aliyekigusa, baba yake Marianne. Mfalme Willem wa Kwanza baada ya kufiwa na mkewe akampenda Henriette d'Oultremont, ambaye alikuwa anamhudumia marehemu malkia, Mkatoliki, tena ana asili ya Ubelgiji, na Waholanzi wakati huo hawataki hata kusikia neno Ubelgiji. Mzee wa miaka 68 akaachia kiti 1840, akaenda kumuoa Berlin 1841. Marianne akiwa hapo hapo Berlin kwenye ndoa yake inayomla anamuona baba yake anavua taji kwa ajili ya mapenzi. Mimi nikifikiria hilo nasema aliondoka akiwa ameshaona kwa macho yake kwamba inawezekana. Baba akafariki 1843, na urithi wa baba na ule wa mama ndio uliompa nguvu, maana mwanamke asiye na mali yake karne ile asingefika hata Cefalù.

Dada uliuliza kama waliishia kuoana. Hawakuoana. Waliishi pamoja mpaka mauti, van Rossum alitangulia 1873. Walikuwa na nyumba Voorburg karibu na Den Haag, na nyingine Rome, ile yenye bustani juu ya kilima cha Caelio ambayo leo ni bustani ya wazi watu wanakimbia mazoezi. Halafu 1855 akanunua Reinhartshausen hapa Erbach, akaijaza picha za kuchora na sanamu akafanya kama makumbusho, wageni wakaribishwe. Na yule mtoto wao, Johannes Willem, akapewa jina la hapo, von Reinhartshausen.

Hakumficha huyo mtoto. Wanawake wa daraja lake walikuwa wanazaa kimya kimya mtoto anapelekwa kwa watu. Yeye alimshika akamlea mwenyewe, anatembea naye.

Alikufa ana miaka 12. Homa ya vipele vyekundu, ile inayoanzia kooni, leo mtoto akija nayo wodini kwangu tunampa penisilini anarudi kucheza. Alikufa tarehe 25 Desemba 1861, siku ya Krismasi. Mama akatoa ardhi na hela kijengwe kanisa la Kiprotestanti pale, sehemu ambayo wenyeji wengi ni Wakatoliki, likafunguliwa 1865, linaitwa kanisa la Johannes, na mtoto amezikwa humo. Ukikaa ndani asubuhi unasikia meli za mizigo zinapita mtoni. Mimi nimefiwa na mtoto, sitaandika zaidi hapo.

Msemakweli_Kisauni

Pole sana dada. Mungu akupe subira.

Nimesoma yote, hilo la kununua nyumba mpakani sikulijua na limenigusa. Bado nasimama kwamba mtoto hana kosa, lakini mama aliyesogea mpakani si sawa na mama aliyetoka asirudi. Wale wakubwa watatu waliishia wapi?

Mzee_Kumbukumbu

Charlotte aliolewa 1850 na Georg wa Meiningen, akafariki 1855 kwa uzazi, hajafika miaka 24. Kwa hiyo Marianne kazika watoto wa pande zote mbili. Albert alikuwa mwanajeshi kama baba, 1885 akapelekwa Brunswick kutawala kwa niaba maana kiti kilikuwa wazi, na alifariki 1906 huko huko Kamenz kwenye jumba la mama yake. Alexandrine aliolewa Mecklenburg, naye kafariki 1906.

Na binti yangu kwa kuwa upo karibu, usiishie kwenye jumba. Ile milima ya Śnieżnik kusini ya Kłodzko, mama huyu alikuwa na mashamba na misitu kule, akafungua barabara, machimbo ya marumaru, lipo moja mpaka leo wanaliita Biała Marianna, na 1871 akajengesha nyumba ya kupumzikia wapanda mlima karibu na kilele, wapanda mlima wanalala humo hadi sasa. Watu wa huko wanamkumbuka kwa barabara na kazi alizoleta kuliko hayo ya talaka. Lile jumba la ndoa la Berlin nalo liliishia kuwa ofisi za ujasusi za utawala wa Hitler, na mtaa wa pembeni uliopewa jina la Prince Albert, Prinz-Albrecht-Straße, ndio ule wa makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Ukipita leo ni makumbusho ya yale maovu.

BintiMuheza

Nimelia kwenye basi, watu wananiangalia. Dada wa Mainz pole mno kwa yote.

Swali la mwisho. Erbach hapo alipokuwa anaishi si ni Ujerumani, sasa Prussia hawakuwa na nguvu hapo?

Mama_Wawili_Mainz

Asante mdogo wangu.

Alipoinunua 1855 Erbach ilikuwa ndani ya Nassau, nchi ndogo yenye mtawala wake, na ukumbuke kwao Marianne ni Orange-Nassau, jina la ukoo limetoka huku huku. Kwa hiyo alichagua mahali ambapo Prussia haimfikii. Halafu ikaja vita ya 1866, Nassau ikasimama na Austria, Austria ikapigwa, na Prussia ikaimeza Nassau yote. Hakuhama yeye, mpaka ndio ulihama ukamfuata hadi mlangoni. Alibaki hapo hapo. Van Rossum alifia mikononi mwake 1873, na yeye akafariki humo humo tarehe 29 Mei 1883, ana miaka 73, kwenye ardhi ya Prussia. Amezikwa makaburi ya kijiji pamoja na van Rossum, si kwenye makaburi ya wafalme.

Ukija huku niandikie inbox nitakupeleka, ila chagua mwezi wa tisa wakati wa kuvuna zabibu.

BintiMuheza

Nitakuja dada, mwezi wa tisa bado niko likizo. Kwa sasa Jumamosi narudi Kamieniec, kuna basi la kufika Złoty Stok halafu nataka nitembee kwa miguu hadi Bílá Voda nione alikuwa anapita wapi. Nimeangalia ramani, kutoka Złoty Stok ni mwendo mfupi tu unakuwa Ucheki. Nikirudi nitaweka picha hapa.